Judy: Mbwa wa Manowari Aliyezikwa Nachingwea

Wahenga wetu walisema kwamba mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Usemi huu umekaa vinywani mwa watu wa pwani kwa miaka mingi, na mara nyingi mambo ya dunia yameuthibitisha. Leo, hata hivyo, twapenda kumsimulia msomaji maisha ya kiumbe mmoja aliyekula sahani moja na mtu asiyekuwa wa ukoo wake wala wa jinsi yake, kisha akawa tayari kufa naye. Kiumbe huyo ni mbwa, na jina lake lilikuwa Judy.

Bila shaka wako wasomaji watakaouliza kwa nini ukurasa uliozoea kusimulia habari za masheikh, washairi na wafalme uache watu na kushika mbwa. Swali hilo ni la haki, nasi tutalijibu kabla hatujamaliza. Kwanza na tujue huyu Judy alikuwa nani, na ilikuwaje akafika katika ardhi yetu ya Afrika ya Mashariki.

ADA YA ASKARI WA KIINGEREZA

Mtu asafiriye kutoka Nyeri, akapita Nanyuki hata akafika Doldol katika nchi ya Wamaasai wa Mukogodo, hakosi kusikia habari za askari wa Kiingereza, ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakija kufanya mazoezi ya vita katika nyanda zile kavu za kaskazini ya Mlima Kenya. Askari hao wana ada moja iliyo ngeni kwetu. Kikosi chaweza kuwa na mnyama wake, akaandikwa katika daftari, akapewa posho, na pengine hata cheo. Kikosi cha Irish Guards kina mbwa mrefu mwenye manyoya mengi, nacho kikosi cha Royal Welsh kina beberu anayetangulia mbele ya gwaride. Mnyama huyo hashiki bunduki. Kazi yake ni kuwa alama ya kikosi na kuwaliwaza watu walio mbali na kwao.

Huko Nyeri wamezikwa Waingereza wawili wenye sifa. Mmoja ni Baden-Powell, mwanzilishi wa uskauti, aliyefariki mwaka 1941. Wa pili ni Kanali Jim Corbett, mwindaji wa simbamarara wala watu huko India, aliyefariki mwaka 1955, na ambaye katika maandishi yake hakumsahau mbwa wake Robin. Makaburi hayo wageni huyazuru. Lakini Judy, mmoja wa mbwa wa jeshi walio mashuhuri kabisa duniani, hakuzikwa Nyeri wala Nanyuki. Kaburi lake lilichimbwa mbali kusini, Nachingwea, nyuma ya Lindi na Mtwara, mwaka 1950.

MAISHA YA MELINI

Judy alizaliwa mwaka 1936 katika mji wa Shanghai, nchini China. Alikuwa mbwa wa aina ya pointa, mweupe mwenye mabaka ya rangi ya maini. Mbwa wa aina hii hufugwa na wawindaji. Akinusa ndege au mnyama aliyejificha husimama kimya, akainua mguu mmoja na kuelekeza pua pale windo lilipo.

Alipokuwa mtoto alitoroka mahali alipokuwa akifugwa, akaishi kwa muda katika vichochoro vya mji kabla hajarudishwa. Mwaka huo huo wa 1936 alinunuliwa na mabaharia wa manowari ndogo ya Kiingereza iitwayo Gnat, iliyokuwa ikilinda biashara katika mto mkubwa wa Yangtze. Walikusudia wawe naye melini, tena awasaidie kuwinda washukapo pwani.

Katika uwindaji walikata tamaa upesi. Judy hakuelekeza pua yake kwa ndege yeyote. Mahali alipopaelekea kwa bidii ni jikoni, chakula kilipokuwa kikiiva. Hata hivyo mabaharia walimpenda. Alipewa sanduku la kulalia na blanketi la meli, akawekewa baharia maalumu wa kumtunza. Akawa akizunguka sitaha nzima, akijua nyayo za kila mtu. Siku moja katika mwezi wa Novemba 1936 aliteleza akaanguka mtoni, na maji ya Yangtze yana mkondo mkali. Meli ilisimamishwa, mashua ikateremshwa, akaopolewa. Katika daftari la meli jambo hilo liliandikwa kuwa ni zoezi la kumwokoa mtu aliyeanguka majini.

Taratibu ikaonekana kwamba Judy alikuwa na kazi yake, ingawa haikuwa ile aliyonunuliwa. Masikio yake yalikuwa makali kuliko ya binadamu. Usiku, wanyang'anyi wa mtoni walipoinyemelea meli katika mashua zao, yeye ndiye aliyebweka kwanza. Ndege za vita za Wajapani zilipokuwa bado mbali, Judy alikwisha kuzisikia na kuwatahadharisha wenzake. Tangu hapo hakuna aliyemdharau.

MWAMBA USIO NA MAJI

Mwaka 1939 baadhi ya mabaharia wa Gnat walihamishiwa manowari nyingine, Grasshopper, nao wakamchukua Judy. Vita Kuu ya Pili ilipoanza, manowari hiyo ilipelekwa Singapore. Mwezi wa Februari 1942, Wajapani walipokuwa wakiuteka mji huo, Grasshopper ilikimbia kuelekea visiwa vya Waholanzi ambavyo leo ni Indonesia. Haikufika. Tarehe 14 Februari ndege za Wajapani ziliipiga mabomu, na waliosalimika wakajitupa katika kisiwa kidogo kisichokaliwa na watu.

Katika kuhesabiana waliona kwamba Judy hayupo. Baharia mmoja, aliyerudi melini kutafuta chochote cha kuwafaa, alimkuta chini ya sitaha amebanwa na makabati ya chuma, yu hai. Akamleta kisiwani. Wahenga walisema mbwa hafi maji akiona ufuko, na kweli hakufa. Lakini watu waliokuwa ufukoni ndio waliokaribia kufa kwa kiu, kwa kuwa kisiwa kile hakikuwa na kisima wala kijito. Judy akaanza kuparua mchanga mahali maji ya bahari yalipokupwa. Wakamsaidia kuchimba, na chini yake yakatoka maji matamu. Watu wa mwambao wanaojua thamani ya maji ya kunywa ndio watakaopima ukubwa wa jambo hilo.

Kutoka hapo walivushwa kwa jahazi hadi Sumatra, wakatembea zaidi ya maili 200 katika msitu mzito wenye mamba na simbamarara, wakitumaini kupata meli katika bandari ya Padang. Walipofika, meli ya mwisho ilikwisha kung'oa nanga. Wajapani wakawakamata wote, na Judy pamoja nao.

SAHANI MOJA YA WALI

Katika kambi ya mateka karibu na mji wa Medan ndipo Judy alipokutana na Bwana Frank Williams, askari wa jeshi la anga la Uingereza, kijana aliyezaliwa mwaka 1919. Ilikuwa mwezi wa Agosti 1942. Mateka walipewa wali kidogo sana, na watu walikuwa wakifa kwa njaa na homa. Judy alikuwa amekonda, akizungukazunguka kutafuta makombo. Frank akaitazama posho yake, akammiminia yote. Judy hakugusa chakula mpaka Frank aliposhika kichwa chake na kumbembeleza. Ndipo alipokula, kisha akajilaza miguuni pake. Tangu siku hiyo hawakuachana kwa hiari yao.

Maisha yao ya kila siku yalikuwa haya. Asubuhi mateka walihesabiwa, kisha wakapelekwa kazini. Judy alimfuata Frank, akikaa kando vichakani, macho yakiwatazama askari. Alijifunza kuwajua waliokuwa na chuki, akawaepuka. Frank hakumwita kwa sauti. Alimfundisha kutii mluzi mdogo na mlio wa vidole. Usiku Judy aliwinda panya, nyoka na mijusi, kwa kuwa wali wa mtu mmoja haukutosha roho mbili. Mlinzi alipokuwa akimpiga mateka, Judy alitokea na kubweka hata mlinzi akageuka na kumwacha yule aliyepigwa. Mara nyingi kidogo alipe uhai wake kwa tendo hilo.

Frank aliona kwamba mbwa asiye na kinga atauawa siku yoyote. Mateka walikuwa na nambari, na aliye na nambari alikuwa walau ameandikwa. Basi alingoja usiku mmoja mkuu wa kambi alipokuwa amelewa, akamwendea, akaahidi kumpa mtoto mmoja wa Judy ili amzawadie mwanamke aliyempenda. Mkuu akakubali, akatia sahihi. Judy akawa mateka rasmi nambari 81A wa kambi ya Gloegoer, Medan. Yajulikana kuwa ndiye mbwa pekee aliyeandikwa hivyo katika vita vile.

NDANI YA GUNIA

Mwezi wa Juni 1944 mateka waliamriwa kuhamishwa kwa meli kwenda Singapore. Amri ilikuwa kwamba mbwa asiende. Frank alikuwa amemzoeza Judy kuingia katika gunia la mchele na kutulia kama aliyekufa. Siku ya safari walisimamishwa juani saa nyingi, Frank akiwa na gunia begani, na Judy ndani yake hakutikisika wala hakutoa sauti. Wakapanda meli.

Tarehe 26 Juni meli hiyo ilipigwa topido. Aliyepiga hakuwa adui. Ilikuwa nyambizi ya Kiingereza, Truculent, ambayo nahodha wake hakujua kwamba chini ya sitaha ile walifungiwa watu wa upande wake mwenyewe. Frank alimsukuma Judy nje kwa kidirisha cha mviringo kilichokuwa ubavuni, juu sana ya maji, kisha naye akatafuta njia yake. Waliookoka walisimulia kwamba walimwona mbwa huyo akiogelea kati ya watu waliokuwa wakizama, mmoja akimshika shingoni, mwingine akimfuata hadi kwenye kipande cha ubao.

Frank aliokotwa akafungwa tena, akiamini kwamba mwenzake amekufa. Alipoingia katika kambi ya Singapore, kitu kilimrukia mgongoni kikamwangusha. Alikuwa Judy, aliyeokolewa na kufichwa na mateka wengine.

Hata hivyo mateso hayakwisha. Walirudishwa Sumatra kujenga reli katikati ya msitu, kutoka Pekanbaru kwenda Muaro, umbali wa kilomita 220. Mateka na vibarua kutoka Java walikufa kwa maelfu. Frank alikuja kueleza baadaye kwamba kila alipokaribia kukata tamaa alimtazama yule mbwa macho, akajiuliza atabaki na nani, na swali hilo ndilo lililomwinua kesho yake. Karibu na mwisho wa vita, chawa walipoenea kambini, walinzi waliamua Judy auawe. Frank akamficha. Mwezi wa Agosti 1945 Japani ikasalimu amri, nao wakawa huru.

Meli ya kuwarejesha Uingereza ilikataza mbwa vilevile. Marafiki wa Frank waliwapotosha walinzi kwa mazungumzo, na Judy akapandishwa kwa siri. Huko kwao aliwekwa karantini miezi sita kama ilivyo sheria ya nchi ile. Alipotoka mwaka 1946 alipewa nishani ya Dickin, iliyoanzishwa mwaka 1943 kwa ajili ya wanyama waliotenda ushujaa vitani, na mbweko wake ukasikika katika redio ya BBC. Lakini kazi ambayo Frank mwenyewe aliiona kuwa kubwa haikuwa ya redio. Alikwenda na Judy nyumba kwa nyumba, kwa jamaa za mateka waliokufa Sumatra, kuwapa mkono wa taazia. Watu ambao hawakupata kaburi la mtoto wao walimpapasa mbwa aliyemwona akiwa hai.

NACHINGWEA

Mwaka 1948 Frank alipata kazi Tanganyika. Wakati huo serikali ya Uingereza ilikuwa imeanzisha mradi mkubwa wa kulima karanga huko Kongwa, Urambo na Nachingwea, ili kupata mafuta ya kula baada ya vita. Habari za mradi huo wazee wa Kusini wamezisimulia sana. Matrekta yaliletwa, bandari ikajengwa Mtwara, na reli ikatandikwa kuelekea bara. Udongo ukakauka ukawa kama saruji, mvua ikakosekana, na mwanzoni mwa mwaka 1951 mradi ukaachwa baada ya mamilioni ya pauni kupotea. Reli yenyewe ilikuja kung'olewa katika miaka ya 1960.

Katika hekaheka hizo Judy alipata uzee mwema. Alimfuata Frank katika safari zake za porini, akawafukuza nyani, na akazaa watoto saba. Mapema mwaka 1950 alipotea kwa siku kadhaa. Wenyeji ndio waliompata kijijini, amedhoofika, Frank akaenda kumchukua. Ikagunduliwa kuwa ana uvimbe. Alipasuliwa, na upasuaji ukafaulu, lakini ikamwingia pepopunda. Tarehe 17 Februari 1950 waliukatisha uhai wake ili asiteseke zaidi. Alikuwa na umri wa miaka 14.

Frank alimvika koti la jeshi la anga, akamzika Nachingwea. Kisha alitumia muda wa miezi miwili akijenga kaburi kwa mikono yake, kwa mawe magumu na marumaru, na juu yake akaweka kibao cha chuma chenye habari za maisha ya rafiki yake. Baadaye alihamia Kanada, ambako alifariki mwaka 2003. Nachingwea nayo ikaendelea na historia yake. Katika miaka ya vita vya ukombozi, FRELIMO iliweka huko kambi ya kuwafunza wapiganaji wake.

MBWA NA SISI

Sasa na turudi kwenye swali la mwanzo. Sisi watu wa pwani tumelelewa katika madhehebu ya Imamu Shafii, nasi twajua kwamba chombo alichoramba mbwa huoshwa mara saba, moja yake kwa udongo. Hukumu hiyo iko pale pale, wala hatuna nia ya kuigusa. Wala hatusemi mtu amlaze mbwa kitandani. Lakini wako miongoni mwetu waliofanya hukumu ya tohara kuwa ruhusa ya ukatili. Mtoto amwonapo mbwa huokota jiwe, na mzee wake hucheka.

Dini haikufundisha hivyo. Qurani yatusimulia habari za vijana wa pangoni, na mbwa wao amenyoosha miguu mlangoni. Mwenyezi Mungu hakuacha kumtaja pamoja nao, na wafasiri wengine wakampa jina la Kitmiri. Sheria imeruhusu mbwa wa kuwinda, wa kuchunga na wa kulinda shamba. Na katika hadithi za Mtume wetu (S.A.W.) imo habari ya mtu aliyeshuka kisimani, akajaza kiatu chake maji, akakishika kwa meno hata akapanda, akamnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu. Mungu akamghufiria dhambi zake. Mbwa yule hakuwa wake, wala hakuwa na nishani.

Liko jambo jingine ambalo hatuwezi kulinyamazia. Mwaka ule ule wa 1944, mwezi wa Februari, meli Khedive Ismail iling'oa nanga bandari ya Kilindini kwenda Ceylon. Ndani yake walikuwamo mamia ya askari wa mizinga wa Afrika ya Mashariki waliokuwa wakienda kupigana na Wajapani. Tarehe 12 ilipigwa topido karibu na visiwa vya Maldivi, wakafa watu 1,297. Wenzao waliofika Burma walipigana katika matope na malaria. Wangapi kati ya wasomaji wetu wajua jina la askari mmoja wa Khedive Ismail? Na ni nyumba ngapi zilizopata mgeni wa kuwapa mkono wa taazia, kama Frank alivyozizungukia nyumba za wenzake?

Hatusemi haya kwa kumwonea mbwa wivu. Judy alistahili kumbukumbu yake, kwa sababu mtu mmoja aliyekula naye hakumsahau, akashika nyundo na patasi akamwandika. Kama jina la mbwa limedumu kwa juhudi ya mtu mmoja, basi majina ya babu zetu yamefifia kwa uzembe wetu sisi tulio wengi. Wazee wachache wanaoyakumbuka majina hayo bado wangali nasi, na kalamu si ghali.

Ama ule usemi wa wahenga, haukuvunjika. Mla nawe kwa kawaida hafi nawe. Lakini palipokuwa na sahani moja ya wali, huko Medan, Frank na Judy walizaliwa upya kuwa ndugu.